Fahirisi ya h na dishi la Ngomeni

"Ami, huyu ana 71, huyu ana 19. Nimwandikie yupi?"

Binti alikuwa amekaa barazani kwao Malindi, adhana ya magharibi haijatoka bado, simu ameishika kwa mikono miwili. Anatafuta msimamizi wa shahada ya uzamili, na anachotaka kukisomea ni supanova, nyota zinazopasuka zikafa. Kwenye kioo palikuwa na majina mawili ya wanafalaki wa ng'ambo asiowahi kuonana nao, na ubavuni mwa kila jina namba moja. Ami yake akaweka kikombe cha kahawa chini, akaitazama simu kwa mbali kama watazamavyo watu wa rika lake, akajibu: "Mwandikie mwenye kubwa, mwanangu. Hesabu haina uongo."

Wiki nne sasa jibu hilo halijanitoka.

Kweli hesabu haina uongo. Lakini hesabu hujibu lile tu iliyoulizwa, na hii haikuulizwa nani atamfundisha binti kazi. Iliulizwa jambo dogo kuliko hilo.

## Namba yenyewe

Fahirisi ya h ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California. Panga makala za mtu kuanzia iliyorejelewa mara nyingi zaidi na wenzake hadi iliyorejelewa kidogo kabisa. Teremka ukihesabu moja, mbili, tatu. Ukifika pahali ambapo nafasi imeizidi idadi ya marejeleo, simama. Nafasi iliyotangulia hapo ndiyo h.

Chukua mtu mwenye makala sita zilizorejelewa mara 90, 30, 12, 4, 3 na 1. Ya nne ina marejeleo 4, inatosha. Ya tano ina 3, haifiki 5. Basi h yake ni 4. Chukua mwingine: 5, 5, 4, 4, 2, 1. Naye h yake ni 4. Wa kwanza amerejelewa mara 140, wa pili mara 21, na kwenye simu ya binti wangesomeka sawasawa.

Tena h haishuki. Mtu akistaafu, hata akifariki, h yake yaweza kuendelea kupanda, maana makala za zamani bado zinarejelewa. Kwa hiyo 71 yaweza kuwa kazi ya miaka 40, na 19 ikawa kazi ya miaka minane. Hirsch mwenyewe aliliona hilo, akapendekeza h igawanywe kwa miaka iliyopita tangu chapisho la kwanza. Kigawo hicho huitwa m. Fanya hesabu hiyo kabla ya nyingine yoyote: 71 kwa 40 ni 1.8, na 19 kwa 8 ni 2.4. Mpangilio umegeuka, na hatujasoma hata kichwa cha makala moja.

Namba yenyewe ichukuliwe ADS, ile maktaba ya mtandaoni ya falaki inayoendeshwa na Smithsonian kwa fedha za NASA. Ni bure, haidai anwani ya chuo, na inafunguka kwenye simu. Google Scholar huhesabu na tasnifu, ripoti na mengineyo, kwa hiyo h yake kwa kawaida huwa kubwa zaidi. Usichukue namba ya mmoja huku na ya mwenzake kule ukazilinganisha.

## Supanova zina mambo yake

Kila fani ina desturi zake za kuandika na kurejelea, na asiyezijua desturi hizo hawezi kuisoma namba.

Nyota ikipasuka, hakuna anayesubiri jarida. Aliyeiona hupeleka ripoti kwenye TNS, mfumo ambao tangu Januari 2016 ndio rasmi wa kuzipa supanova majina. Jina ni mwaka na herufi: ya kwanza ya mwaka hupewa A, ya 26 hupewa Z, kisha huanza aa, ab, hadi herufi tatu na nne, kwa kuwa siku hizi zinaonekana kwa maelfu. Mwenye darubini yenye spektrografu, kifaa cha kuutawanya mwanga katika rangi zake, hupokea habari, hupiga spektra, yaani picha ya rangi hizo, usiku uleule ikiwezekana, na kutangaza ni aina gani: Ia, Ib, Ic, II. Wengine hutuma telegramu, yaani taarifa ya aya mbili tatu, kuwaambia wenzao wageuze darubini zao. Taarifa hizi zote zina anwani yake ADS. Mtu aliyemo katika kundi la kutambua aina anaweza kuonekana ana machapisho mia kadhaa, na nusu yake ni aya mbili mbili. Ni kazi halali, tena ni kazi ya usiku, yenye haraka na macho mekundu. Lakini si makala, na asiyezitenga atadhani anatazama bahari kumbe ni mkondo.

Kisha kuna makundi makubwa. Tarehe 16 Oktoba 2017 ilichapishwa makala moja yenye waandishi zaidi ya 3,000. Ilihusu nyota mbili za nyutroni zilizogongana, wala si supanova, lakini waliozikimbilia kwa darubini ni watu walewale wanaokimbilia supanova. Kila rejeleo la makala ile huandikwa zima kwa kila mmoja wa wale elfu tatu. Haligawanywi. Ni kama ng'ombe mmoja aliyechinjwa arusini, kisha kila mgeni akarudi kwao akisema amechinja ng'ombe. ADS hutoa pia hesabu iliyogawanywa kwa idadi ya waandishi, na watu wengi huipita bila kuitazama.

Tena kuna makala zinazorejelewa na kila mtu kwa sababu hakuna njia ya kuzikwepa. Mwanga wa supanova hupita kwenye vumbi la galaksi yetu kabla ya kutufikia, na vumbi hilo huupunguza na kuufanya mwekundu. Lazima upimaji urekebishwe, na kwa miaka mingi waliofanya hivyo walitumia ramani ya vumbi ya Schlegel, Finkbeiner na Davis ya mwaka 1998. Ni kati ya makala zilizorejelewa sana katika falaki yote, na kisa chake si supanova. Zile za mapitio nazo ziko hivyo: Alex Filippenko aliandika mwaka 1997, peke yake, mapitio ya spektra za supanova, na hadi leo mwanafunzi anayejifunza kutofautisha Ib na Ic anaanzia hapo. Ni haki yake kurejelewa. Lakini kurejelewa kwa kuwa umeeleza vizuri na kurejelewa kwa kuwa umegundua jambo huingia kwenye h kwa mlango mmoja.

Bahati nayo imo. Mwaka 2011 na tena mwaka 2023, galaksi ya M101 ilitoa supanova ya karibu na angavu: 2011fe, kisha 2023ixf. Aliyekuwa na zamu kwenye darubini nzuri usiku ule, na anga ikawa safi, alipata data ambayo wengine wataitumia kwa miaka mingi. Jirani yake mwenye akili ileile, aliyefunikwa na mawingu, hakupata kitu.

Na kurejelewa si kukubaliwa. Mwaka 2022 kundi linaloongozwa na Adam Riess lilitoa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu kuwa kilomita 73.04 kwa sekunde kwa kila megaparseki ya umbali (miaka-nuru milioni 3.26), na kosa la 1.04, kwa kutumia supanova 42 za aina ya Ia zilizo katika galaksi ambazo umbali wake ulipimwa kwa nyota za Cepheid, zile zinazong'aa na kufifia kwa mzunguko. Setilaiti ya Planck, kwa njia nyingine kabisa, ilitoa 67.4, na kosa la 0.5. Haziafikiani. Wanaoitetea 73 wanairejelea makala ile, wanaoipinga wanairejelea, na wanaotafuta suluhu katikati nao wanairejelea. Hesabu huwajumlisha wote kama watu waliopiga kura upande mmoja.

## Herufi ya mwisho

Kila makala iliyomo ADS ina msimbo wa alama 19. Makala mashuhuri ya mwaka 1998, iliyoonyesha kwa supanova kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi, inaandikwa hivi: 1998AJ....116.1009R. Mwaka, jarida, juzuu, ukurasa, na mwishoni herufi moja ya mwandishi wa kwanza.

R ni Riess. Waandishi walikuwa 20. Brian Schmidt, aliyeliongoza kundi zima, ni wa 14, kwa kuwa kutoka wa tatu kuendelea majina yamepangwa kwa alfabeti. Mwaka 2011 Schmidt na Riess waligawana nusu ya Tuzo ya Nobel, na nusu nyingine ikaenda kwa Saul Perlmutter wa kundi shindani. Anayehesabu makala za mwandishi wa kwanza peke yake angempita Schmidt katika makala ile kana kwamba alisimama nyuma tu kupigwa picha.

Katika orodha ileile, wa 12 ni Mark Phillips, na kwake nilisimama kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1993 Phillips, akifanya kazi Cerro Tololo huko Chile, alichapisha barua fupi ya kisayansi akiwa mwandishi pekee. Alichukua supanova tisa za aina ya Ia zilizopimwa vizuri akaonyesha kwamba zile zinazofifia polepole ndizo zenye mwanga mkubwa. Kipimo chake ni rahisi: mng'ao umeshuka kiasi gani siku 15 baada ya kilele. Kabla ya hapo wengi walizichukua supanova hizi kama taa zenye nguvu moja. Hazikuwa hivyo. Baada yake, ukijua nyota imefifia kwa kasi gani unaweza kujua taa ilikuwa na nguvu kiasi gani, na kutoka hapo umbali wake. Ugunduzi wa 1998 umesimama juu ya tisa zile, na juu ya 29 zilizokusanywa na Mario Hamuy na wenzake katika mradi wa Calán/Tololo.

Nilikuwa nimeshaelekea kusema namba zitupwe zote. Barua ya Phillips ilinirudisha. Imerejelewa mara nyingi kwa sababu inafanya kazi: kila anayepima umbali kwa supanova hukutana nayo njiani.

## Aliyetoka nje akatazama juu

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1987, kwenye kilima cha Las Campanas, Chile, Ian Shelton alisafisha bamba la picha lililopigwa kwa muda wa saa tatu akaona nyota angavu mahali ambapo haikuwepo. Mwendeshaji wa darubini pale, Oscar Duhalde, alikuwa ameshaiona saa chache kabla kwa macho matupu alipotoka nje. New Zealand, Albert Jones, mtazamaji asiyelipwa, naye aliiona mwenyewe. Habari ikatoka kwenye waraka namba 4316 wa Umoja wa Kimataifa wa Falaki, na supanova 1987A ikawa ya kwanza kuonekana kwa macho matupu tangu ile ya 1604.

Siku ile kabla, tarehe 23, chembe za nyutrino kutoka katika nyota hiyo zilikuwa zimepita ndani ya dunia: 11 zilinaswa Kamiokande, Japani, na 8 kwenye kituo cha IMB, Marekani. Makala zilizoandikwa juu ya chembe hizo chache hazihesabiki kirahisi.

Malindi na Lamu nyota ile ilionekana. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani ilimopasukia, hupanda kusini kwetu hadi nyuzi 24 hivi juu ya upeo wa bahari, na mwishoni mwa Februari hufika kilele chake mapema usiku, wakati wa kaskazi. Aliyekuwa ngalawani usiku ule akiangalia kusini alikuwa nayo mbele ya macho. Mabaharia wa pwani hii walizijua nyota kwa kazi, na wakulima wanasema hadi leo kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Maneno hayo hayana mwandishi wa kwanza wala wa 14.

Duhalde h yake ni ngapi? Swali lenyewe halikai sawa, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichokuwa kikinisumbua.

Nisiwe mkali kupita kiasi, maana mambo yamebadilika kidogo. Koichi Itagaki, Mjapani anayetafuta supanova kwa hiari yake, ndiye aliyeiona 2023ixf tarehe 19 Mei 2023. Ripoti yake ya TNS ina msimbo wake ADS, na wanaoandika juu ya nyota hiyo wanaweza kuirejelea kwa jina lake. Huo ni uungwana uliochelewa, lakini umefika.

## Ngomeni

Kaskazini ya mji wa Malindi, ufukweni Ngomeni, yapo madishi ya Kituo cha Anga cha Luigi Broglio. Wengi bado wanapaita San Marco, kwa jina la jukwaa la chuma lililosimama majini.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout yenye hatua nne iliondoka jukwaani pale na setilaiti ya kilo 142 hivi. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo NASA, aliipa jina la siku yenyewe: Uhuru. Hapa palichaguliwa kwa sababu za kazi. Roketi inayorushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki husaidiwa na mzunguko wa dunia. Zaidi ya hilo, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta, na Uhuru ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 3 tu, haipiti katikati ya lile eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye chaji hushuka chini na kuvijaza vihesabio kelele. Kwa kihesabio cha eksirei, utulivu huo ndio tofauti ya kuona na kutoona.

Uhuru ilikuwa na vihesabio viwili, kila kimoja na eneo la sentimita 840 za mraba, kimoja kikitazama ufa mwembamba wa anga na kingine upana wa nyuzi 5. Ilijizungusha polepole ikifagia anga hadi mwaka 1973. Orodha yake ya nne, ya mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei, na ndani yake yamo mabaki ya supanova, ikiwemo Nebula ya Kaa, iliyobaki kutokana na mlipuko ulioonekana mwaka 1054.

Vyanzo vile vinaitwa mpaka leo kwa herufi 4U zikifuatwa na tarakimu za mahali angani. Nne ni orodha ya nne.

U ni Uhuru.

Mwanafalaki wa Chicago au Tokyo akiandika 4U leo ameandika neno la Kiswahili lililopanda angani kutoka Ngomeni, na mara nyingi hairejelei orodha yenyewe, kwa kuwa jina limeshakuwa mali ya wote. Kitu kikifaa kupita kiasi, hesabu huacha kukiona. Riccardo Giacconi, kiongozi wa sayansi wa Uhuru, alipata Nobel mwaka 2002. Mmoja wa waliogawana naye tuzo ile ni Masatoshi Koshiba, wa zile nyutrino za 1987.

Na kazi haikuisha. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004, hushusha data yake hasa Malindi. Huzunguka dunia kwa dakika 95 hivi, na kila ikipita juu ya pwani hii dishi hulazimika kuwa tayari limeelekezwa upeoni, likaifuata kwa dakika chache kutoka ukingo hadi ukingo, likanasa ilichohifadhi, na data ikapelekwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Dishi likichelewa au umeme ukayumba, data haipotei, hubaki kwenye kumbukumbu ya setilaiti ikingoja mzunguko mwingine. Lakini supanova haingoji. Tarehe 9 Januari 2008 Swift ilikuwa ikitazama supanova 2007uy katika galaksi ya NGC 2770, na kando yake ukatokea mwako wa eksirei wa kama dakika tano. Ilikuwa nyota nyingine ikipasuka hapohapo, 2008D, mara ya kwanza kwa supanova kunaswa wakati wimbi la mlipuko linautoboa uso wa nyota. Alicia Soderberg ndiye mwandishi wa kwanza wa makala iliyotoka katika jarida la Nature mwezi Mei mwaka ule.

NuSTAR, setilaiti ya eksirei ya mwaka 2012, kituo chake kikuu cha kushushia data ni hapahapa. Ilichora ramani ya titani-44, elementi yenye mionzi inayozaliwa katika mlipuko, ndani ya mabaki ya supanova ya Cassiopeia A, ikaonyesha kwamba nyota ile haikupasuka kama puto, kwa usawa pande zote, bali kwa upogo. IXPE nayo, setilaiti nyingine ya eksirei iliyorushwa Desemba 2021, lengo lake la kwanza la kisayansi lilikuwa Cassiopeia A hiyohiyo, na data yake hushukia Malindi.

Basi nikaufikiria mkono unaofunga boliti za dishi, unaopaka grisi, unaosugua kutu ya chumvi. Wanaoishi ufukweni wanajua chumvi inavyokula chuma. Kutu ikiingia kwenye mhimili, dishi halifuati setilaiti sawasawa, na dakika chache za kuunganika hupungua. Mkono huo umo ndani ya kila makala niliyoitaja katika aya hizi mbili, na hauna fahirisi.

## Isnadi

Watu wa Lamu wana kipimo cha zamani zaidi cha jambo hili. Anayepewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, na mwalimu wake, msikitini Riyadha au kwenye darsa jingine, hupewa pamoja na mnyororo: fulani kutoka kwa fulani, kutoka kwa fulani, hadi juu. Hadithi nayo haipokelewi kwa maneno yake peke yake, hutazamwa isnadi. Kila mpokezi hupimwa. Kumbukumbu yake ikoje? Alijulikana kwa ukweli? Aliwahi kukutana na huyo anayepokea kwake, au wameachana miaka hamsini? Mmoja akiwa dhaifu, mnyororo wote unadhoofika.

Marejeleo ya kisayansi yanaonekana kama isnadi, lakini hayaulizi hayo. Aliyesoma makala neno kwa neno na aliyeinakili kutoka orodha ya mwenzake bila kuifungua, wote ni moja na moja.

Wanazuoni wa hadithi wanajua pia kwamba wingi una maana. Habari iliyopokewa kwa njia nyingi ina nguvu. Sharti ni njia hizo ziwe mbalimbali, wasiwe watu wa nyumba moja wanaokaririana. Hapo ndipo nilipopata la kumwambia binti: fungua orodha ya wanaoirejelea makala, usome majina. Ikiwa ni kundi lilelile linajirejelea mwaka hadi mwaka, umeona njia moja iliyotembelewa mara nyingi. Ikiwa kuna watu wa Chile, Japani, Israeli na Afrika Kusini wasioandika pamoja, tena wengine wamezijaribu namba zake upya, hiyo ni kitu kingine.

Kupima umbali kwa supanova nako ni mnyororo wa namna hiyo: kwanza umbali wa karibu kwa jiometri, juu yake Cepheid, juu yake supanova za Ia. Kosa la chini hupanda hadi juu. Mwanafalaki mzuri wa fani hii ni yule anayetumia miaka akikagua pete za chini, kazi isiyong'aa na isiyorejelewa sana.

## Shaka ninayoishi nayo

Lakini mtoe binti namba, umpe nini?

Hana mjomba katika chuo cha ng'ambo. Hajawahi kuhudhuria mkutano wa falaki. Bila ADS na namba zake angebaki na majina ya vyuo vikubwa na mapendekezo ya wanaojuana, na mlango huo amefungiwa kabla hajabisha. Namba, kwa upungufu wake wote, inafunguka barazani Malindi sawasawa na inavyofunguka Cambridge. Ni haki ndogo, lakini ni haki.

Kwa hiyo simwambii aitupe. Aipasue tu, atazame ndani.

Aandike ADS author, nukta mbili, kisha jina la ukoo, koma, herufi ya jina la kwanza, ndani ya alama za nukuu, na alama ya ^ mara tu baada ya alama ya nukuu ya kwanza ili apate makala ambazo mtu huyo ni mwandishi wa kwanza. Achague zilizopitiwa na wataalamu peke yake, ili telegramu ziondoke. Majina yakigongana, na majina ya Kichina na Kikorea hugongana sana, atumie namba ya ORCID, ya kumtambulisha kila mtafiti peke yake, ikiwepo. Kisha aiondoe alama ya ^ atazame makala za miaka mitano ya mwisho ambazo mtu huyo ni wa pili, wa tatu au wa mwisho. Mwandishi wa kwanza ni nani? Ni mwanafunzi wake? Achukue jina la mwanafunzi huyo alitafute peke yake: bado anaandika, ama alitoweka baada ya makala moja? Wanafunzi wanne walioendelea wananiambia mengi kuliko h ya 71 isiyo na hata mmoja.

Aangalie fani ndani ya fani. Wanaotumia Ia kupima ulimwengu husomwa na watu wengi wa kosmolojia, kwa hiyo marejeleo yao ni mengi. Anayechunguza vumbi linaloganda ndani ya supanova za aina ya II ana wasomaji wachache, na h ya 19 huko yaweza kuwa kubwa. Aangalie pia kama spektra zake ameziweka wazi kwa wote, WISeREP au hifadhi nyingine. Mwenye kuficha data atamfundisha kuficha.

Halafu ateremke hadi chini ya makala, kwenye shukrani, aya ambayo hesabu zote zinairuka. Hapo hutajwa waendesha darubini, mafundi na vituo. Ni aya fupi, wengine huiandika kwa kunakili ya mwaka jana, wengine huiandika kwa moyo, na tofauti inaonekana.

ADS inaruhusu kutafuta ndani ya aya hiyo peke yake. Kwenye kisanduku aandike ack, nukta mbili, kisha Malindi ndani ya alama za nukuu. Yatakayotokea ayasome moja moja, atazame nani walikumbuka kuandika, na majina hayo ayaweke kwenye orodha ya watu wa kuandikiwa barua.